Prosesa Mpya na Redio ya Baba

Watu wa rika langu wataikumbuka harufu ya lami iliyopashwa moto ndani ya boksi la karatasi ngumu. Ndiyo ilikuwa harufu ya betri za redio za zamani, zile kubwa, nzito kama tofali, zilizozibwa juu kwa lami nyeusi. Nilidhani sitaisikia tena maishani. Juzi nimeisikia katika stesheneri ya binti yangu Sekela, hapa Msasani, Tukuyu, na aliyeisababisha ni mimi mwenyewe.

Sekela anaishi kwa kompyuta moja. Walimu wanamletea mitihani ya kuchapa, vijana wanaleta maombi ya kazi, wenye misiba wanaleta ratiba za mazishi. Kompyuta hiyo ilikuwa imechoka. Ukiibonyeza ifungue picha, unaweza kumenya ndizi ukazibandika jikoni kabla haijafungua. Sekela alitaka kununua nyingine. Nikamwambia hakuna haja. Nilikuwa nimesikia kwamba ukibadilisha prosesa tu, yaani kile kidude bapa kinachofikiri kwa niaba ya mashine nzima, kompyuta inakuwa mpya. Nikaing'oa ile ya zamani kwa mikono yangu, nikapanda gari hadi Mbeya, nikamwachia muuzaji kama nyongeza, nikarudi na prosesa ya kizazi kipya ndani ya kiboksi kinachong'aa.

Sekela aliniuliza swali moja tu. "Baba, umeuliza kama inakubaliana na madabodi yetu?"

Madabodi ni ile bodi kubwa ndani ya kompyuta ambayo kila kitu kinakaa juu yake. Nikamjibu, "Nimeuliza."

Sikuuliza. Niliona haya kumwuliza kijana wa dukani jambo nisilolijua, mimi niliyemaliza kidato cha nne wakati ambapo waliokimaliza walikuwa wakisalimiwa kwa kuvuliwa kofia. Nilifikiri kwamba prosesa ni prosesa.

Ilikaa vizuri kwenye tundu lake. Nikawasha. Feni likazunguka, taa ndogo ya kijani ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nilishinda nikizima na kuwasha hadi mchana ulipogeuka, na hapo ndipo ilipokuja ile harufu.

Sekela akamwita fundi Ipyana, kijana anayetengeneza simu na kompyuta karibu na stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu itazame hiyo, inasumbua kidogo."

"Kidogo!" Sekela akadakia. "Inanuka kama barabara inayowekwa lami, yeye anasema kidogo."

Ipyana akafungua, akachungulia, akacheka kwa heshima. "Mzee, umeiweka safi. Hata pini moja haijapinda. Ila bodi haimjui huyu mgeni."

"Haimjui vipi? Si imemkubali akakaa?"

"Amekaa, ndiyo. Lakini bodi hii ilitengenezwa yeye hajazaliwa. Ina programu yake ndogo ya ndani, bayosi, inayojua prosesa za wakati wake tu. Huyu tundu lake ni lile lile, lakini ni wa kizazi cha mbele. Kwa hiyo umeme unafika, feni linazunguka, ila hakuna anayemsemesha mwenzake."

"Basi afundishwe."

"Anafundishwa, mzee wangu. Zipo bodi zinazoweza kujifundisha zenyewe. Hii hapana. Hii inataka ile prosesa ya zamani irudi kwanza kwenye kiti, kompyuta iwake, tuiwekee bayosi mpya. Ikishamjua mgeni, ndipo unamwondoa yule wa zamani, unamkalisha huyu." Akanyoosha kiganja. "Nipe ile ya zamani."

Sekela akanigeukia. Nikaangalia nje, kwenye mvua.

"Baba. Iko wapi?"

"Mbeya."

Ipyana alijitahidi asicheke, akashindwa. "Ah, mzee! Umemfukuza mshenga kabla bibi harusi hajafika."

Sekela hakucheka. Alikuwa amewaahidi walimu mitihani yao. Nami nikaenda kukaa kwenye benchi la barazani na harufu yangu ya lami, na neno hilo la mshenga likanipeleka nilikokuwa sitaki kwenda.

Nilikulia Isongole, juu kule kwenye viazi na baridi, ambako ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Mama alifariki kabla sijaanza kung'oka meno ya utoto. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mimi, na shemeji yangu Atupele, mke wa kaka yangu Gwamaka. Kaka alimwoa, akakaa naye msimu mmoja wa mahindi, akaenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Baba naye alikuwa mtu wa migodi ujanani mwake, kusini kabisa, na alirudi na vitu viwili: redio na kifua kibovu.

Kifua kilimzuia kulima. Akiinua jembe mara chache alikaa chini, na pumzi yake ikawa inachakacha kama majani makavu ya mahindi. Lakini redio ilimpa kiti. Ilikuwa sanduku la mbao lililong'arishwa, mbele lina kitambaa cha rangi ya chai, na ndani vitaa vya kioo vilivyopata wekundu taratibu kama kaa linalopulizwa. Jioni wanaume wa rika lake walikuja na vigoda vyao, wakajipanga chumba cha mbele, na mtu huyu asiyeweza kulima tuta moja la viazi ndiye aliyesema, "Nyamazeni," na watu wazima wakanyamaza.

Atupele hakuingia chumba hicho. Wasio wa kwetu niwaeleze. Wakati ule, mke wa mtoto hakukaa mahali alipo baba mkwe. Hakumtazama, hakusema naye, hakutaja jina lake, na wakikutana njiani aliacha njia akajitosa kwenye mahindi hadi mzee apite. Tunaiita ukutila, yaani kumwogopa mtu kwa heshima. Kwa kawaida mama mkwe ndiye hukaa katikati na kupitisha maneno. Kwetu hapakuwa naye. Nilikuwepo mimi, na nilipitisha maneno ya ukubwa wangu: chakula kiko tayari, kuni zimelowa, ng'ombe wa jirani ameingia kwenye viazi. Zaidi ya hayo hakuna mtu mzima aliyesema na Atupele ndani ya mji ule, yaani nyumbani kwetu.

Hata hivyo saa ya habari ilipofika, Atupele alibeba sufuria lake la maharage ya kupukuchua, akaenda kukaa nje, nyuma ya ukuta wa chumba cha mbele, chini ya ukingo wa paa. Baada ya habari yalikuja matangazo ya vifo na wagonjwa, na hayo ndiyo aliyokuwa akiyasubiri. Mama yake alikuwa mgonjwa kule Chunya, alikokwenda kuishi na mwanawe aliyekuwa akichimba dhahabu. Enzi zile, kutoka Isongole hadi Chunya, hasa wakati wa mvua, ilikuwa safari ya kuagana na watu. Kaka yake alimwambia walipoachana, "Hali ikiwa mbaya tutakutangazia. Nyumba uliyoolewa si ina redio?"

Baba alilijua hilo, kwa sababu mimi nilimwambia. Kuanzia siku hiyo habari zilipoisha, matangazo yakianza, alinyoosha mkono na kupandisha sauti mpaka kile kitambaa cha rangi ya chai kikatetemeka.

"Wewe mtu, unataka tupasuke masikio?" rafiki yake mmoja alilalamika. "Au migodi imekula na masikio pia?"

"Sauti ya chini ni ya wezi," baba akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Mimi niliamini ile ya masikio. Nilijua migodi imekula kifua chake, kwa nini isiendelee kupanda juu? Nikaanza kumpelekea chakula huku nikipiga kelele mlangoni, "BABA, VIAZI!" Naye akishtuka, "Unamfokea nani wewe? Kuna moto?" Nilimhurumia, nikaona hata hajui kwamba hasikii.

Kisha betri ikaanza kuchoka. Sauti ya msomaji ilikuwa inazama katikati ya sentensi, kama mtu anayeongea huku akishuka kisimani. Kila mtu anajua dawa ya betri iliyochoka ni kuianika juani. Lakini ilikuwa masika, na Isongole wakati wa masika jua ni hadithi. Kwa hiyo baba akanituma niipeleke jikoni. Atupele aliiweka kando ya moto, akawa anaigeuzageuza kama anayemwotesha moto mtoto mwenye homa. Lami ikalainika, harufu ikajaa jikoni, ikaingia mpaka kwenye maharage. Hiyo ndiyo harufu niliyoisema mwanzo. Jioni betri ilizungumza kidogo, ikanyamaza. Kesho yake ikazungumza kidogo kuliko jana. Siku iliyofuata haikusema neno.

Tulitembea na baba hadi Tukuyu kutafuta nyingine. Alipumzika kila penye jiwe la kukalia. Mwenye duka aliitazama ile ya zamani aliyoibeba kama mfano, akatikisa kichwa.

"Mzee, hizi haziji tena. Redio za sasa hazina vioo ndani." Akatoa kabatini kiredio kidogo, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. "Hii ndiyo iliyoingia. Inakula betri hizi ndogo za tochi."

"Nipe hizo ndogo."

"Kwa redio yako hiyo? Hazifai."

"Betri ni betri," baba akasema.

"Betri ni betri, mzee, lakini redio si redio."

Baba hakumsikiliza. Alinunua zile ndogo, tukapanda nazo mlima. Atupele alituona tukirudi na kifurushi, na nilimwona akitabasamu kabla hajajificha kwenye mahindi.

Baba alipasua mwanzi, akazipanga betri ndani yake zikifuatana, akazifunga kwa waya, akaziunganisha mahali pa ile kubwa. Vitaa vya kioo vikapata wekundu. Akanitazama kwa furaha, nami nikamtazama. Tukangoja. Vitaa viliendelea kuwaka, na redio haikutoa hata mkwaruzo. Sasa, baada ya maelezo ya Ipyana na ubishi wangu wote, naelewa kilichotokea: zilitosha kupasha vile vioo moto, hazikutosha kuvipa sauti. Umeme ulifika, taa zikawaka, na hakuna aliyemsemesha mwenzake.

"Usimwambie mtu," baba akasema.

Wale wanaume aliwaambia kifua kimezidi, mikusanyiko ya jioni inamchosha, wamwache apumzike. Walimwelewa, wakahamia kwa mwalimu mmoja mgeni aliyepangiwa shule ya kijiji, aliyekuja na kiredio kipya cha betri ndogo. Baba akabaki na kiti chake na vigoda vitupu.

Jioni ya siku ile ile ya betri ndogo, saa ya habari, tulisikia maharage yakidondoka kwenye sufuria nyuma ya ukuta. Atupele alikuwa mahali pake. Baba alisikiliza yale maharage kwa muda. Kisha akaigeuza redio, akafungua mgongo wake wa mbao, akainamisha kichwa mpaka mdomo ukaingia ndani ya sanduku, akasema kwa Kiswahili cha pwani ambacho sikujua kama anakijua:

"Ifuatayo ni taarifa ya habari."

Akasoma habari. Mvua zimenyesha vizuri mikoani. Waziri ametembelea wakulima na kuwataka waongeze juhudi. Meli imetia nanga ikiwa na shehena ya saruji. Sauti ilitoka nzito, yenye mwangwi wa mbao, na kila baada ya maneno machache ilichakacha. Mwishoni akasema, "Leo hakuna matangazo ya vifo wala wagonjwa. Tunawatakia jioni njema." Nje nikasikia Atupele akishusha pumzi, akainuka na sufuria lake.

Mtoto ana njia zake za kuelewa. Sikufikiri kwamba baba anadanganya. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Nilifikiri redio imehama. Ilipokosa chakula ndani ya sanduku, imetafuta pengine pa kukaa, na kwa kuwa kifua cha baba tangu zamani kilichakacha kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili, imeingia humo. Baba anapoweka mdomo ndani ya sanduku, anairudisha kidogo kwao ikaseme. Mchana alipolala nilitega sikio kifuani pake, nikasubiri muziki. Nilisikia upepo na mawe madogo. Nilijiambia stesheni bado haijafunguliwa.

Jioni baada ya jioni aliendelea. Akawa mzuri. Akaongeza bei za pareto na hali ya hewa ya mikoa ambayo hakuwahi kufika. Usoni mwake palirudi kitu ambacho jembe lilikiondoa. Na kila mara alimalizia vile vile, kwamba leo hakuna matangazo ya vifo wala wagonjwa. Nadhani aliona ni wema. Angesema nini kingine? Asingeweza kumwumba mgonjwa asiyekuwepo. Hakufikiria mgonjwa aliyekuwepo.

Naandika haya na Sekela amekaa upande wa pili wa stesheneri, haongei nami sana. Ipyana alizunguka siku nzima akaipata prosesa ya ukoo wa ile ya zamani ndani ya kompyuta iliyokufa ya mtu, akaazima. Bayosi imewekwa, mgeni ametambuliwa, kompyuta inakimbia kama ndama aliyefunguliwa. Lakini walimu walishapeleka mitihani kwa mtu mwingine, na wamesema watabaki huko huko. Nilimwambia Sekela prosesa hizi zina mambo mengi, mtu yeyote angekosea.

"Sina shida na prosesa, baba," akasema, bila kuinua macho. "Ungesema tu hukuuliza. Ningepiga simu mimi nikauliza. Ulisema umeuliza, ndiyo maana nikawaahidi watu."

Mama yake, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia maneno kama hayo kuhusu shamba, na kuhusu ada ya shule, na kuhusu dawa zake. Nimeishi nikijibu "nimeuliza", "wamesema hakuna tatizo", "nimeshapita pale", na mara nyingi sikuwa nimepita popote. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa. Nilikuwa najaza tu mahali palipokuwa patupu ili nisionekane mtupu. Lakini kuna watu walijenga juu ya majibu hayo.

Siku alipokuja kaka yake Atupele ilikuwa asubuhi ya ukungu. Alikuja na mjomba wao, wote wamenyoa vichwa. Atupele alikuwa anatoka kisimani na ndoo. Alipoviona vile vichwa, aliishusha ndoo chini polepole, bila kumwaga.

"Mama?" akauliza.

"Tumeshamzika," kaka yake akasema. "Tulikungoja mpaka ikashindikana."

"Mlinijulisha wapi?"

"Redioni, Atupele! Tulitangaza akiwa mgonjwa, uje umwone. Akawa anauliza, mbona haji, mbona haji? Tukatangaza tena. Alipofariki tukatangaza msiba. Mji ulioolewa una redio. Ulitaka tukutumie malaika?"

Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyependa utani, alikuwa amesogea na wengine kutazama. Siku hiyo hakuwa na utani. "Mwanangu, sisi wote tulisikia," akasema. "Kwa mwalimu. Walikutaja jina, wakataja na Isongole. Tukasema, hakuna haja ya kwenda kumwambia, nani apeleke habari kwenye nyumba ya redio? Tukakuona unakwenda kisimani unaimba. Tukasema, huyu ana moyo gani?" Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tulikusema vibaya sana."

Kwetu msiba ni watu. Asiyefika kulia kwenye msiba wa jirani hukumbukwa kwa miaka. Huyu hakufika kumlilia mama yake, na kijiji kizima kilimtazama akiimba.

Atupele alitembea hadi nyuma ya ukuta, mahali pake chini ya ukingo wa paa, akakaa chini kwenye tope, akaanza kulia kilio cha kwetu, kile kinachotaja marehemu na mambo yake yote. Chumba cha mbele baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Nilimkuta ameshika magoti kwa mikono miwili. Kati yao palikuwa na unene wa tofali moja tu la udongo. Angetoka nje kumpa pole, Atupele angelazimika kuinuka na kumkimbia, amwache mama yake katikati ya kilio. Desturi iliyomzuia yeye kuingia ndiyo iliyomzuia baba kutoka. Basi akakaa, akakisikiliza kilio chote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Ndugu zake walisema wanamchukua akakae matanga nyumbani kwao, na kwa namna mjomba alivyokataa uji wetu, hata mimi nilielewa kwamba hatarudi. Nilimbebea kikapu hadi njia panda. Wanaume walitangulia. Mimi niliumizwa na jambo moja tu, na nikaliuliza.

"Shemeji, huko Chunya utasikilizia wapi redio?"

"Redio gani, mume wangu mdogo?" Ndivyo alivyopenda kuniita kwa utani.

"Ile ya kifuani kwa baba."

Alisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona akikaribia kucheka, na uso ukamshinda katikati.

"Nilijua ni yeye," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Redio haikohoi."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja kukaa?"

"Kwa sababu alikuwa anasema na mimi. Tangu niolewe mji ule, mtu mzima gani mwingine alisema na mimi?" Alichukua kikapu mkononi mwangu. "Nilidhani anazisikia mahali, sokoni au kwa mwalimu, halafu ananiletea. Mtu akisema hakuna wagonjwa, si ana maana ameuliza?" Akanishika kichwa. "Mwambie baba yako kwamba nilijua. Usiongeze kitu. Mwambie nilijua ni yeye na nilimwamini."

Akaenda. Ukungu ulimchukua kabla hajafika kwenye mteremko.

Nyumbani baba alikuwa bado kwenye kiti. Mgongo wa redio ulikuwa wazi. Alionekana mdogo kuliko asubuhi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Ameacha neno lolote?"

Nilikuwa nalo, fupi, nimelirudia njia nzima nisilisahau. Nikamtazama usoni, nikaona anavyolisubiri, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Hapana," nikasema.

"Hajui kama ni mimi?"

"Hajui. Alidhani ni redio imeharibika."

Alifumba macho, na mabega yake yakashuka. Akanivuta karibu, akaniwekea mkono kichwani pale pale Atupele aliponishika.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Asante.

Baba hakuwa mtu wa kushukuru watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitoka kwake kuja kwangu, na nakumbuka vizuri jinsi lilivyonipendeza.